Node Imepotea Tena

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo nimekuwa mtu wa teknolojia. Asubuhi nilikuwa bado karani mstaafu wa mizani, shamba la mkonge. Baada ya chai, fundi wa kompyuta! Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimerudi kuwa karani.

Niandike mambo yalivyo, maana nikizeeka zaidi nitayasahau. Huku kwetu Sagalla maji yanakuja kwa zamu. Bomba moja, nyumba nyingi. Mwenyekiti wa mradi ni Kituku, jirani yangu, na zamu zote anaziweka kichwani. Kichwa chenyewe! Mwezi jana mashemeji zake walipata maji mara mbili, na Mama Teresia, mjane wa kule juu, hakupata hata tone. Kelele mkutanoni. Mimi ndiye katibu. Nikasimama nikasema binti yangu Abby anaandika programu za kompyuta huko Nairobi, atatuandikia moja ya kutuma ujumbe kwa kila nyumba zamu yake ikifika. Makofi! Kituku akauliza ni nani ataiendesha hiyo kompyuta. Nikasema mimi. Akauliza tangu lini. Nikamwambia mizani ya mkonge ilikuwa na skrini.

Kompyuta ipo. Abby aliileta Krismasi, ya mtumba, akaiwekea Ubuntu, mfumo wa kuiendesha, kwa sababu ni ya bure na haishiki virusi ovyo. Programu ya maji ameshaituma. Kilichobaki ni mimi kuweka kitu kinaitwa Node. Abby anasema programu yake ni kama mashine ya kusaga unga, na Node ndiyo mota. Bila mota, mashine ni chuma tu. Hapo nikaelewa.

Amri alinitumia kwa simu, niziandike kwenye dirisha fulani jeusi. Nikaandika ya kwanza. Dirisha likataka paswadi. Nikabonyeza. Hakuna kinachoonekana! Nikabonyeza kwa nguvu. Wapi! Nikageuza kibodi nikaipiga mgongoni, makombo ya chapati yakamwagika, bado hakuna. Nikatangaza kwamba kibodi imekufa. Alice, mke wangu, akasema kama imekufa basi imeuawa na chapati zangu.

Nikampigia Abby. Akacheka! Eti paswadi inafichwa makusudi, ili mtu aliye nyuma yako asiione. Nikamwambia aliye nyuma yangu ni mama yako. Akacheka tena. Akauliza goti la mama linaendeleaje. Akauliza ng'ombe. Akauliza nimekula nini. Tangu Krismasi mtoto huyu ananitumia ujumbe tu, niko busy Baba, nitapiga wikendi, na wikendi zinapita hivyo hivyo. Leo tumeongea mpaka simu ikapata moto sikioni.

Node bado haijaingia. Lakini siku imekuwa nzuri.

Jumanne, 4 Machi

Dirisha jeusi limeniuliza kama ningependa kuendelea. Lina adabu. Nikaandika Ndiyo. Likajibu Abort. Nikaandika tena NDIYO, herufi kubwa, pengine halikuona vizuri. Abort! Nikamwambia Alice mashine hii ina madharau.

Nikampigia Abby. Kumbe inataka Y peke yake, na ukiandika kitu kingine chochote inahesabu umekataa. Alicheka mpaka wenzake wakamwuliza kuna nini. Akawasimulia. Nikasikia ofisi nzima ya Nairobi ikicheka. Sikuona haya hata kidogo. Nilitamani tu niwe na jambo lingine la kuwachekesha.

Jioni Kituku alipita akiwa na shati jipya. Aliletewa na mwanawe Munyoki, anayetengeneza simu Voi mjini. Akasema Munyoki wake haruki Jumapili, lazima aje nyumbani. Kisha akauliza Abby atakuja lini. Nikamwambia Abby ana kazi kubwa. Akasema ni kweli, kazi kubwa huwa hivyo. Nimekasirika tangu hapo mpaka sasa.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Alice ni wa Bura, amelelewa karibu na misheni, siku kama ya leo hakosi hata goti likimsumbua. Tukaenda kigangoni, tukapakwa majivu. Njiani nikamwuliza niache kitu gani Kwaresma hii. Nilikuwa nafikiria sukari. Akasema nianze na uongo. Haya basi! Nimeapa. Hakuna uongo mpaka Pasaka. Alice akaguna.

Na Mungu akajibu papo hapo, maana Node imeingia! Nilibonyeza Y, herufi zikateremka kwenye dirisha jeusi kama mchele ukimiminwa. Nikaandika node -v, amri ya kuiuliza umri wake. Ikajibu v12. Nikampigia Abby nipongezwe. Akasema pole, Baba, hiyo ni ya zamani, programu yake inataka ya ishirini. Nikauliza kwa nini Ubuntu inagawa vitu vilivyochacha. Akasema nisijali, atanipigia akitoka kazini, tutatumia njia nyingine.

Na akapiga! Yeye mwenyewe! Hatukugusa Node. Alianza na bosi wake mpya, kila mara anamrudishia kazi ile ile. Kisha akasema anakula peke yake kwa kile chumba chake, mara nyingi mkate. Akasema ametamani kimanga cha mama, kile cha muhogo na maharagwe, kinachopondwa mpaka mwiko unasimama. Sauti ikawa ndogo. Nikamwambia bosi huyo akimzidi anitumie namba yake, mimi nimewahi kumrudisha msimamizi wa lori na mkonge wake wote. Akacheka huku anavuta kamasi.

Alice akaniuliza mbona nafuta macho. Nikasema vumbi. Nikakumbuka Kwaresma. Ikabidi nirudi jikoni kumwambia haikuwa vumbi. Akasema alijua, vumbi liko nje maana mvua haijanyesha, lakini ndani ya nyumba amefagia.

Alhamisi, 6 Machi

IMEKUBALI! v20! Ile njia nyingine ina hila zake. Ukimaliza lazima ufunge dirisha jeusi na ufungue jipya, la sivyo linajifanya halikujui. Abby alikuwa nami kwenye simu hatua kwa hatua. Programu ikafunguka, majina ya nyumba zote yakajipanga, na juu kabisa pameandikwa Maji Sagalla. Abby akapiga vigelegele. Mimi nikapiga vigelegele. Ng'ombe akaitikia.

Ujumbe wa kwanza ulikwenda kwa Mama Teresia. Alishuka na mitungi yake, simu mkononi, akiuliza huyu aliyemwita kwa jina ni nani. Nikamwambia ni Abby. Akasema Abby yule mdogo aliyekuwa akimwibia mapera? Ndiye huyo! Akamwombea baraka pale pale mferejini, na mapera akamsamehe.

Kituku alisimama kando. Uso wake siwezi kuueleza.

Jumamosi, 8 Machi

Mota inazunguka. Kila nyumba inapata maji kwa zamu yake. Watu wananisalimia kwa mikono miwili.

Simu kimya. Jana kimya. Leo umekuja ujumbe: Safi sana Baba! Na kidole gumba. Kidole gumba! Mtoto niliyembeba mabegani mpaka Voi siku ya homa, akilala kichwani kwangu na kunitemea mate shingoni, leo ananitumia kidole.

Kompyuta ni nzima kabisa. Wasiwasi wangu ni mimi. Alice amekula mbaazi na simu akiwa ameiweka kando ya sufuria.

Jumapili, 9 Machi

Kituku ametualika. Kwa wema? Thubutu! Ili tumwone Munyoki. Kuku alichinjwa. Munyoki alikula akiangalia simu yake tangu mwanzo hadi mwisho, na Kituku alimsimulia habari ya mbuzi aliyeingia kanisani mara tatu, kila mara Munyoki akisema ehe. Lakini alikuwepo. Alikuwa ameketi pale, miguu yake mirefu chini ya meza ya babake. Nikaona wivu, sifichi.

Hapo ndipo wazo likaja. Nikamsogelea Munyoki, nikamwuliza kwa upole, mzee kama mimi mwenye kompyuta ya Ubuntu na Node, aogope makosa gani? Kijana akaweka simu chini! Hakuna aliyewahi kumwuliza kitu kizuri hivyo. Akanitajia matatu. La kwanza, kufuta ile folda iliyofichwa ambamo Node inakaa. La pili, kuibadilisha jina folda hiyo, maana mashine haitaiona. La tatu, ambalo ni baya kuliko yote, kuzima umeme wakati kompyuta inajisasisha. Mzee, tafadhali, usifanye haya hata siku moja. Akanionyesha hata folda inavyotafutwa, ili nijue mahali pa kutogusa.

Nikamshukuru kwa dhati. Nimerudi nyumbani nikiyakariri.

Jumatatu, 10 Machi

Kwaresma hii nimeacha uongo. Kufuta sijaacha.

Nimefuta ile folda. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchinja kuku. Nikampigia Abby nikamwambia Node imepotea. Ni kweli. Akauliza imepoteaje. Nikasema Alhamisi ilikuwa hapa na sasa haipo. Kweli tupu! Padre mwenyewe asingepata kosa.

Akapiga jioni. Tukaiweka upya, na safari hii mimi ndiye niliyekuwa namkumbusha hatua. Akashangaa. Tukaingia mambo mengine. Akaniuliza kama nakumbuka nilivyokuwa nampima kwenye mizani ya mkonge kila mwaka siku yake ya kuzaliwa. Nikamwambia nilikuwa namwandika kwenye risiti kama mkonge daraja la kwanza. Akasema alikuwa anajiona ni mtu mkubwa kuliko watoto wote wa kambi ya wafanyakazi. Nikasingizia mtandao, eti sauti inakatika.

Kusingizia mtandao ni uongo? Nitamwuliza Alice. Hapana, sitamwuliza.

Jumanne, 11 Machi

Kosa la pili. Folda sasa inaitwa kuku. Ndilo jina lililonijia.

Nikapiga simu: Node imepotea tena. Abby akasema Baba, Node si mbuzi. Nikasema hata mimi nashangaa. (Nashangaa kweli. Nashangaa nilivyo.) Akasema leo ana mkutano mpaka jioni, atapiga kesho. Nikamwambia hakuna haraka.

Hakuna haraka! Maneno hayo niliyasema mimi.

Jumatano, 12 Machi

Siku mbaya. Leo asubuhi ilikuwa zamu ya Mama Teresia. Mota haizunguki, ujumbe haukwenda. Alipokuja kushtuka, bomba lilikuwa limeshageuzwa, na tangi la mashemeji wa Kituku linafurika. Akashuka mpaka kwetu na mitungi mitupu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu zamani alikuwa anajiendea mwenyewe mferejini kila asubuhi kuangalia, lakini tangu simu ianze kumwita kwa jina aliiamini, akaacha kwenda.

Kituku, furaha! Akatangaza kwamba Jumamosi Munyoki atakuja kuihamisha kompyuta iende kwake, kwa mtu anayejua kazi. Alice alisimama mlangoni ananitazama. Alice kompyuta anaijua kwa kuipangusa vumbi tu. Mimi ananijua.

Alileta wilbaro. Nikapakia mitungi yetu yote, hata ile ya kunywa, nikaisukuma kwa Mama Teresia. Mlima ule! Nilifika ulimi nje. Mama Teresia akaniketisha, akanipa maji ya kunywa kikombe kizima, kutoka kwa yale yale niliyompelekea. Akanishukuru na kusema nimelea mtoto mzuri. Nikatamani ardhi ipasuke.

Jioni Abby akapiga. Hakusalimia vizuri. Akauliza, Baba, ni nani ameigusa?

Nikatafuta maneno ambayo ni ya kweli lakini hayajibu. Nilizoea kuyapata. Leo hayakuja. Nikasema ni mimi.

Akauliza mara zote mbili? Nikasema zote mbili. Akauliza kwa nini. Nikamwambia kwa sababu mota ikiugua unapiga simu, na ikipona natumiwa kidole gumba.

Nikadhani salio lake limeisha. Nikaita Abby? Nikamsikia anavuta kamasi. Kisha akaniambia jambo. Programu hii haikuhitaji kukaa Sagalla. Angeweza kuiweka kwenye kompyuta fulani huko huko Nairobi, kazi ya dakika chache, na mimi nisingeambiwa niguse chochote. Aliileta kwangu makusudi. Mwaka huu umemchosha, alisema, na kila alipotaka kupiga alijiona hana la kusema ila kulia, na hakutaka tulale na wasiwasi. Akaona Node ni kitu cha kuanzia. Baba atakwama, atapiga, tutaongea kuhusu Node. Sasa Alhamisi ikakubali haraka kuliko alivyotarajia, naye akakosa sababu. Akakaa na simu mkononi, akaishia kutuma kidole.

Wacha! Mimi nafuta mota huku, kumbe yeye ndiye aliyenitegea mota! Huyu ni wangu, hata mizani haihitajiki.

Nikamwambia kulia ni sababu tosha. Apige alie, mimi nitashika simu. Akalia. Nikashika. Alice akaninyang'anya akisema sisi wawili ni wajinga wa mama mmoja, akaenda nayo jikoni akafunga mlango. Nilimsikia akimwambia mwanawe aje nyumbani.

Jumapili, 16 Machi

Amekuja! Ijumaa, kwa treni. Nilifika stesheni mapema hata walinzi wakaniuliza nasubiri ya kesho? Alishuka na begi dogo na macho ya mtu asiyelala. Nikampeleka moja kwa moja dukani kwa mwenye mizani ya magunia, nikamwambia apande. Akasema Baba, watu wanaangalia. Lakini akapanda. Amepungua. Nilimwambia mwenye duka hii ni daraja la kwanza, na yeye akakubali.

Alice ameponda kimanga kila siku. Abby amekula, amelala, amekula. Jana alifungua kompyuta, akaiona folda inayoitwa kuku, akacheka mpaka akashika ukuta. Akairudishia jina lake. Mota ikawaka. Munyoki alipokuja kuihamisha alikuta kazi imekwisha, wakaongea mambo yao ya kompyuta, na simu yake hakuitazama hata mara moja. Kituku alikaa kando akimwangalia mwanawe anavyoongea. Baadaye akanivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama na yeye anaweza kuwekewa Node. Nikamwuliza ya nini. Akasema basi tu.

Kabla ya kupanda treni leo, Abby alikwenda mwenyewe kwa Mama Teresia. Sijui walisema nini. Alirudi na mapera.

Tumepatana. Atapiga kila Jumapili na kila Jumatano, Node ikiwa nzima au mgonjwa. Na mimi nikitaka kupiga, nipige tu. Sihitaji sababu. Alinifanya nirudie mara mbili kama mtoto wa shule: sihitaji sababu, sihitaji sababu. Nimeelewa kabisa. Mambo ya folda yamekwisha. Mtu mzima akishaelewa ameelewa.

Alhamisi, 20 Machi

Jana Abby alipiga, kama alivyoahidi. Bosi amepunguza makali. Amepika mwenyewe, wali, ukaungua. Tumecheka. Nimelala vizuri sana.

Leo Alhamisi. Jumapili iko mbali.

Nimechukua simu asubuhi nimpigie bila sababu. Nikafika kwenye jina lake. Nikafikiria, akishika, nitasema nini? Habari yako? Alishanipa jana. Nikairudisha mezani. Nikaichukua. Nikairudisha. Alice akaniuliza kama simu ina moto.

Kisha kompyuta, yenyewe, bila kuombwa, ikaandika kwamba kuna masasisho mapya, na kama ningependa iyaweke sasa. Lina adabu dirisha hili, nimesema tangu mwanzo. Nikakumbuka kosa la tatu la Munyoki, la kuzima umeme.

Mimi si mtu asiyejifunza. Yale ya Mama Teresia hayatarudiwa. Nimesukuma wilbaro mpaka kwake mapema, mitungi yote imejaa, na nimemwambia leo na kesho asiitegemee simu. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia kuna masasisho. Ni kweli.

Sasa nimerudi. Nimekubali masasisho. Herufi zinateremka vizuri. Alice yuko nje na ng'ombe. Mkono wangu wa kushoto unaandika haya, ndiyo maana mwandiko ni mbaya, na wa kulia uko kwenye swichi ya ukutani.

Abby akiuliza ni nani ameizima, nitamwambia ni mimi. Kwaresma ni Kwaresma.